Mishale ya Viazi

Jarida la shule sikuliharibu peke yangu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu wenzangu wawili wamenisingizia tangu tumalize kidato cha nne, na mwezi uliopita walinisingizia tena, tukiwa tumeketi kwenye hoteli moja hapa Nyeri mjini, karibu na mtaa wa Majengo, tukinywa chai na mandazi kama watu wazima wenye heshima zao.

Tulikuwa wahariri watatu. Mimi nilikuwa mhariri mkuu. Wa pili alikuwa msichana wa Majengo mwenye ulimi wa pilipili, aliyesimamia mashairi na hadithi. Wa tatu alijua kompyuta, kwa hivyo kupanga kurasa kulimwangukia yeye. Siku hizi yule wa Majengo ana duka la vitambaa, yule wa kompyuta ni muuguzi, na mimi nafundisha. Kila tukikutana, huyu wa Majengo hutoa lile jarida mkobani, akaliweka mezani kati ya vikombe, akaniuliza kwa upole wa kuudhi: "Mhariri mkuu, hebu tusaidie. Kushoto ni wapi?"

Nami hukasirika kila mara, halafu nacheka. Safari hii nimeamua kuandika yote, ili nikiulizwa tena niwape karatasi wasome wanyamaze.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya mji, katikati ya mashamba ya kahawa. Jarida lilitoka mara moja kwa mwaka, Siku ya Wazazi. Sisi wahariri tulijidanganya kwamba watu walisoma mashairi yetu. Wapi! Msichana akipewa nakala yake alifungua moja kwa moja picha ya chama chake, akatafuta uso wake, kisha akashuka chini kwenye majina akajitafuta huko pia. Akijipata mahali pote pawili, anafunga jarida na kuliweka sandukuni. Hapo amelimaliza.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja pale shuleni ambaye hakuwahi kutokea kwenye jarida hata siku moja, naye ni shosho, bibi kizee wa jikoni. Alikuwa mpishi mkuu. Alianza kupika pale kabla mama yangu hajawa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo, na mama akimtaja alikuwa akisema "yule msichana wa jikoni." Kufikia zamu yetu alikuwa shosho, mfupi, mnene kiasi, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Jina lake hatukulijua. Na aibu yangu ni kwamba sikuwahi hata kujiuliza kama analo.

Nilimfahamu vizuri kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa mtu wa kujibujibu walimu, na adhabu ya kujibu ilikuwa kumenya viazi. Nilimenya viazi vingi sana. Siku moja, mwanzoni mwa muhula wa pili, tukiwa tumekaa kwenye viti vya mbao na karai katikati yetu, aliniuliza:

"Hiyo kitabu yenu ya picha, huwa mnaandika akina nani?"

"Walimu na wanafunzi, shosho."

"Na sisi?"

Nikamenya kiazi.

"Mimi mwaka huu naenda nyumbani," akasema. "Siku ya Wazazi ndiyo siku yangu ya mwisho. Nitaenda kukaa na dada yangu kule Kenol. Sasa nilikuwa nafikiria tu. Ningeenda na hiyo kitabu moja, niko ndani na jina yangu, ionekane nilikuwa hapa."

Alisema hivyo akiwa haniangalii. Nilitoka jikoni nikiwa na hasira, sijui hata nilimkasirikia nani. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikasema mwaka huu tunataka picha moja ya walimu na wafanyakazi wote pamoja, na shosho akae mstari wa mbele kwa sababu anastaafu. Nilijiandaa kwa vita. Mwalimu mkuu akanitazama, akasema ni wazo zuri, mradi yeye akae katikati.

Hapo sharti nieleze. Mwalimu mkuu wetu alipenda picha. Kila chama kikipigwa picha, iwe wahifadhi mazingira, iwe kwaya, iwe wacheza sataranji, yeye aliletewa kiti katikati ya mstari wa mbele, na alitaka watu walingane pande zote mbili. Wanne kulia, wanne kushoto, yeye wa tano. Jarida zima lilikuwa na picha kumi na nane za aina hiyo. Kumbuka hilo la katikati, kwa maana ndilo lililotumaliza.

Siku ya picha ilikuwa Julai, na Nyeri ya Julai unaijua: ukungu umelala hadi saa nne, vidole havikunjiki. Mpiga picha alitoka mjini, na kila jua likichungulia alipiga kelele kama anayefukuza ng'ombe shambani, ili tuwahi kabla halijafichwa tena. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya waliokaa. Nikasimama mbele yao na daftari langu, nikaanza.

"Wewe wa daftari! Toka mbele ya kamera!"

Nikatoka. Nikaenda nyuma ya viti. Nikaanzia upande wangu wa kushoto, nikawapita migongo yao mmoja mmoja, nikiandika jina ambalo kila mmoja alinitajia. Picha ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nane. Juu ya kila orodha nikaandika kwa mwandiko mzuri: Kutoka kushoto.

Umeshaona? Mimi sikuona. Nilikuwa nyuma yao, tunaangalia upande mmoja, kwa hivyo kushoto kwangu kulikuwa kushoto kwao. Lakini mtu mwenye jarida mkononi anawaona usoni. Kwake yeye, kila kitu kimegeuka. Wa kwanza ni wa mwisho, na wa mwisho ni wa kwanza.

Nakala ya majaribio ilipotoka kwa mchapishaji, picha zilikuwa nyeusi tii. Sote tulifanana na makaa. Wenzangu walikagua koma na vituo, mimi nikakagua hotuba. Ndiyo maana nasema sikuharibu peke yangu. Kisha tukampelekea mwalimu mkuu. Akavaa miwani, akapitia picha zote kumi na nane, akihesabu kwa kalamu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kila mahali alijikuta pale pale, jina lake la tano, kiti chake cha tano. Mtu wa katikati hageuki hata ukimsoma kutoka wapi. Akatia sahihi na kutusifu kwa umakini wetu.

Katoni zilifika Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya Siku ya Wazazi. Nakala mia nne. Nilichomoa ya kwanza kabisa, tukakimbia nayo jikoni sote watatu, tukimwita shosho kabla hata hatujafika mlangoni.

Akafuta mikono kwa aproni. Akaweka miwani sawa. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya herufi. Kwanza alitabasamu alipojiona kwenye kiti karibu na mwalimu mkuu. Kisha akahesabu viti: wa sita. Akashuka kwenye majina, akahesabu mpaka la sita, akasoma. Akarudi juu. Akahesabu tena.

"Mimi ndio naibu wa mwalimu mkuu?" akauliza.

Naibu wetu alikuwa mwanamume mwenye masharubu, aliyeketi upande wa pili wa mwalimu mkuu, kiti cha nne. Nikaangalia chini ya masharubu hayo. Pameandikwa jina refu la kike, majina matatu kamili, halafu: Mpishi Mkuu.

Yule wa Majengo akaangua kicheko, akakikata katikati. Shosho naye alicheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea mtu huruma, akanirudishia jarida.

"Si kitu," akasema. "Picha iko."

Laiti angenitukana. Ile "si kitu" iliniuma kuliko viazi vyote nilivyowahi kumenyeshwa. Tulifungua picha nyingine palepale juu ya meza ya kukatia mboga. Zote kumi na nane zilikuwa hivyo hivyo. Nahodha wa mpira amekuwa mlinda lango, mwalimu wa fizikia amekuwa katibu wa ofisi, na mwalimu mkuu yuko katikati, sawasawa kabisa, anatabasamu.

Nilienda kwake mwenyewe. Sikutaka kutumwa wala kutetewa. Nilieleza yote, hata lile la kupita nyuma ya viti. Alifungua jarida, akalitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika, kwa sababu nadhani alikumbuka sahihi yake.

"Hazitoki," akasema. "Peleka katoni stoo. Tutachapisha upya muhula ujao."

"Mwalimu, muhula ujao shosho hayuko."

"Atatumiwa."

"Mwalimu, hatatumiwa. Unajua hatatumiwa. Tutasahau, kama vile tumemsahau miaka yote hii."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwalimu mkuu. Nilidhani nitapelekwa kwenye viazi mpaka nizeeke. Akavua miwani, akaisugua kwa skafu yake.

"Mna hadi kengele ya chakula cha jioni," akasema. "Mrekebishe zote, zote, bila kuzichafua. Nikipata moja yenye madoa, zinarudi stoo na huko zitabaki."

Nakala mia nne mara picha kumi na nane. Yule wa kompyuta akapiga hesabu kichwani, akakaa chini. Tukajaribu kufuta "kushoto" kwa kalamu na kuandika "kulia." Dakika kumi zikapita, tumemaliza nakala mbili, na moja ilikuwa na madoa. Ndipo nikakumbuka somo la sanaa la kidato cha kwanza, tulipochonga mihuri kwa viazi. Viazi tulikuwa navyo, gunia zima! Na wino mzito mweusi ulikuwepo kwenye chumba cha kuchapia mitihani. Nikachukua kisu, nikachonga kwenye kiazi kikubwa neno KULIA, herufi nzuri zilizonyooka, nikachovya, nikagandamiza kwenye karatasi.

Likatoka kinyumenyume. Halisomeki.

"Jamani," akasema yule wa Majengo, "wewe na kushoto na kulia mmekosania nini?"

Nilitaka kumrushia kile kiazi. Shosho, ambaye muda huo wote alikuwa akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe na kujifanya hasikii, aliweka mwiko chini, akaja, akanipokonya kisu.

"Toa hizo maandishi," akasema. "Nani amewaambia mtu anahitaji kusoma ndio ajue njia? Chora mshale."

Akachukua kiazi, akakikata katikati, na kwa mikato mitano tu akachonga mshale mnene. Akauchovya, akaugandamiza juu ya yale maneno "Kutoka kushoto" mpaka yakafunikwa yasionekane, na ncha ya mshale ikiangalia kulia. Anzia kule. Basi. Na ukitaka uangalie upande mwingine, unageuza kiazi.

Tuliita kidato cha tatu kizima, darasa letu, bwaloni baada ya masomo. Tukawapanga kwenye meza ndefu: huyu anafungua ukurasa, huyu anapiga muhuri, huyu anapunga sahani wino ukauke. Kiazi kikipiga mihuri mingi kinalainika, mshale unakuwa kama konokono, kwa hivyo kila mara mtu alikuwa akipaza sauti, "Shosho, mshale!" naye anachonga mwingine bila hata kuangalia, anaurusha, unadakwa. Wasichana waliimba. Mmoja alijipiga muhuri kwenye paji la uso. Nafikiri sijawahi kufurahi shuleni kama mchana ule, na nasema hivyo nikijua nilikuwa kwenye shida yangu kubwa kuliko zote.

Nilimwona shosho akichukua nakala moja isiyo na mshale wowote, akaikunja chini ya karai.

"Hiyo bado, shosho," nikamwambia.

"Nyamaza. Hii ni ya kuonyesha dada yangu ati nilikuwa naibu."

Kengele ya chakula ililia ikiwa nakala ya mwisho inapepewa. Githeri ilichelewa, na hakuna aliyelalamika. Mwalimu mkuu aliingia, akapita kati ya meza, akachomoa nakala hapa na pale, akazichungulia, akazinusa.

"Mbona jarida linanuka viazi?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi. Akafunika katoni, akasema, "Zitoke kesho," akaenda zake. Nilimkumbatia yule wa Majengo, tukasahau kwamba mikono yetu ilikuwa imejaa wino, na ile sweta yake haijapona mpaka leo. Hilo pia hunidai kila tukikutana.

Siku ya Wazazi jua lilitoka mapema. Uwanja ulijaa, akina mama na vikapu vya kuku na chapati, akina baba wakitafuta kivuli cha hema. Mgeni wa heshima alikuwa daktari aliyewahi kusoma pale pale. Kwa desturi yetu, mhariri mkuu humkabidhi mgeni nakala ya kwanza, anapiga magoti kidogo, makofi yanapigwa, na mgeni anaiweka mezani asiifungue tena. Huyu akaifungua. Na kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

"Hii mishale ni ya nini?" akauliza, na uwanja wote ukamsikia.

Kidato cha tatu kikacheka kwa pamoja. Mwalimu mkuu akaangalia ule mlima wa mbali, kana kwamba ndio anauona kwa mara ya kwanza, kisha akaniashiria nieleze. Nikashika kipaza sauti. Nilieleza kwa kifupi: kosa lilikuwa letu, mshale unaonyesha upande wa kuanzia. Mgeni akasema, "Hebu tuone kama unafanya kazi. Soma picha moja." Akanipa jarida likiwa limefunguliwa kwenye picha ya walimu na wafanyakazi. Sikuichagua mimi.

Nikasoma kutoka kulia. Kila niliyemtaja alipungiwa mkono na kupigiwa makofi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jina la nne lilikuwa lake. Nikalisoma lote, majina matatu, nikiwa sijawahi kuyatamka hata mara moja kwa miaka mitatu ya kula chakula chake.

Kimya. Si kwamba watu walikataa kupiga makofi. Hawakumjua. Wasichana mia nne waliangaliana, wakiulizana huyo ni nani. Mzazi mmoja akasema, "Labda hakuja." Nikafungua mdomo niseme ni shosho, ni shosho wetu wa jikoni, jamani.

"Niko!"

Sauti ilitoka mlangoni pa jikoni. Alikuwa amesimama pale na aproni nyeupe mpya, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu kabisa, na mkono huo ulikuwa umeshika mwiko. Aliitika kama msichana wa darasani.

Sijui nani alianza. Najua tu kwamba shule nzima ilisimama, na akina mama wengine walisimama pia, wale waliokula mkononi mwake zamani, mama yangu akiwa mmoja wao, akipiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Naibu wa mwalimu mkuu alipiga makofi mpaka masharubu yakacheza. Mimi sikuweza kusoma jina la tano. Aliyemalizia orodha ni yule wa Majengo, kwa sauti yake kubwa, na hilo sina budi kumshukuru.

Baadaye nilimfuata jikoni. Alikuwa tayari amerudi kwenye sufuria. Jarida lake lenye mishale lilikuwa juu kwenye rafu, limefungwa kwa mfuko wa nailoni lisirukiwe na mafuta. Nilimwuliza kwa nini aliitika kwa nguvu vile, mimi nilikuwa nakaribia kumtambulisha mwenyewe.

"Mara ya mwisho mtu kuita jina yangu yote mbele ya watu nilikuwa darasa la tatu," akasema. "Mwalimu alikuwa anaita register, na mimi sikuwa. Nilikuwa nimetolewa shule asubuhi hiyo, nibaki nyumbani nilee watoto. Rafiki yangu aliniambia jioni. Mwalimu aliita mara mbili."

Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi.

"Leo nikasema nisiponyamaza haraka wataandika sikuwa. Aah! Nisipoitika, nasema. Umeona vile umenichanganya? Nisipoitika haraka, wataandika sikuwa."

Kisha akanipa chapati mbili za moto, akaniambia nitoke jikoni kwake, wageni walikuwa wanangoja chakula.